Bath-sheba alitumika au alitumia watu? Kifo cha Adonia bado hakijaniingia akilini

#1 Kisiki cha Mpingo
Wakuu salamu. Jana umeme ulikatika nikawa nasoma Biblia kwa tochi ya simu, nikaangukia 1 Wafalme sura ya 2, usingizi ukaisha hapo hapo.

Kwa asiyekumbuka: Adonia mtoto wa Hagithi alishajitangaza mfalme baba yake Daudi akiwa hai, akachinja ng'ombe na kondoo akaita wageni pale En-rogeli, mpango ukabuma, Sulemani akatawazwa. Daudi akishakufa, huyu Adonia anakwenda kwa mama yake Sulemani, Bath-sheba, anamwambia niombee kwa mfalme anipe Abishagi Mshunami awe mke wangu. Abishagi ndiye yule binti aliyekuwa anampasha Daudi joto uzeeni. Mama anajibu vema, nitakusemea. Anaenda. Mfalme anainuka, anamsujudia mama yake, anamwekea kiti mkono wa kuume, anamwambia omba mama sitakukatalia. Mama anaomba. Mfalme anaapa, Adonia anauawa siku hiyo hiyo.

Sasa swali langu, mama mzima aliyeishi ikulu miaka yote hiyo hakujua kwamba kumtaka mwanamke wa mfalme aliyekufa ni kuutaka ufalme? Mimi nasema alijua. Alibeba lile ombi kama mtu anayebeba hati ya kifo cha mwenzake, na uso wa upole kabisa. Nipingeni.

#2 Chai ya Tangawizi
Naweka kambi hapa.

#3 Wakili wa Kijiweni
Mkuu upo sahihi ila ushahidi wako umeuacha nyumbani. Linganisha maneno. Adonia anasema nakuomba ombi moja. Bath-sheba akifika kwa mwanawe anasema nakuomba ombi moja DOGO. Hilo "dogo" katoa wapi? Kaliongeza mwenyewe. Halafu anamalizia Abishagi apewe Adonia "ndugu yako", ambayo Adonia naye hakuisema hivyo. Mtu mwenye kiti kinachotikisika umwambie ndugu yako mkubwa ana ombi dogo tu, tena la mwanamke wa marehemu baba, si ndio unamwagia petroli?

#4 Ngosha Mpole
Au aliongeza dogo ili kulainisha. Mama zetu wote wanaomba hivyo, "mwanangu nina kashida kadogo", unakuta kashida kenyewe ni ada ya shule ya watoto watatu wa mjomba.

#5 Wakili wa Kijiweni
#4 hahaha hiyo nayo ni kweli

#6 MamaWawili
Nyie wanaume mmeanzia katikati ya hadithi ndio maana mnamuona mchawi. Rudini nyuma. Huyu mwanamke alichukuliwa akiwa mke wa mtu, mume wake Uria akapangiwa mbele ya vita afe, mtoto wa kwanza akafa. Sulemani ndio mtoto wake wa kwanza aliyebaki hai na Adonia akishika nchi wanakufa wote wawili, anasema mwenyewe sura ya 1 kwamba yeye na mwanawe watahesabiwa wakosaji. Sasa huyo huyo aliyetaka kuwafuta anakuja mlangoni. Unajua swali la kwanza alilomuuliza? "Je, waja kwa amani?" Hilo ni swali la mtu anayeogopa. Mimi nadhani alipeleka ombi maana hakuwa na ubavu wa kumkatalia mtoto mkubwa wa mfalme akiwa peke yake sebuleni.

#7 Kisiki cha Mpingo
Dada #6 nimekuelewa ila aliyeogopa angeenda kwa mwanae aseme jamaa kaja kwangu anataka hivi na hivi, jihadhari. Hakusema jihadhari. Aliomba.

#8 MamaWawili
Na angesema jihadhari mngemuita mchonganishi. Mwanamke wa ikulu hashindi na nyie.

#9 Mtoto wa Katekista
Ndugu zangu naomba niongeze kwamba sisi Wakatoliki hiki kiti cha mkono wa kuume tunakiona kama kivuli cha Bikira Maria, mama wa Mfalme anayetuombea kwa mwanae. Kwahiyo cheo cha mama mfalme ni kikubwa kuliko mnavyodhani, Sulemani hakuwa na wake wachache lakini aliyewekewa kiti ni mama.

#10 Kibuyu Kimepasuka
Mkuu #9 kwa heshima zote, mfano wenyewe mbona ombi lilikataliwa na aliyeombewa akachinjwa kabla jua halijazama?? Mimi naomba msiniombee

#11 Chai ya Tangawizi
😂😂😂 nimemwaga chai kwenye keyboard

#12 Mtoto wa Katekista
#10 Mfano ni wa kiti, siyo wa ombi. Adonia aliomba kwa hila.

#13 Mzee wa Maktaba
Msihamishie uzi kwenye madhehebu, huu ni uzi wa historia, tuheshimiane.

Kwanza turekebishe kitu. Kuna neno la Kiebrania, gebira, linalotafsiriwa mama wa mfalme, bibi mkubwa. Watu wengi wanasema Bath-sheba alikuwa gebira wa kwanza. Maandiko hayamuiti hivyo hata mara moja. Neno hilo kwa ukoo wa Daudi linatumika kwa Maaka aliyevuliwa cheo na mfalme Asa (1 Wafalme 15:13), na kwa mama yake Yekonia kwenye Yeremia 29:2. Kwenye 2 Wafalme 10:13 yupo gebira ambaye wengi wanaona ni Yezebeli. Yupo na Tahpenesi wa Misri, mke wa Farao, naye anaitwa hivyo hivyo. Na mzizi huo huo ndio Hajiri anautumia kumuita Sara bibi yake. Kwahiyo ni neno la mwanamke mwenye mamlaka juu ya nyumba, ikulu likawa cheo. Au halikuwa cheo, hapo ndio wasomi wanapigana mpaka leo.

#14 Ngosha Mpole
Mzee unatupiga sindano bila ganzi

#15 Nyuki wa Tabora
#13 shukrani. Mimi kinachoniambia kilikuwa cheo ni huyo Maaka. Huwezi kumvua mtu kitu asichokivaa. Mke anapewa talaka, mama unampa nini? Asa alimuondoa kwenye nafasi yake kwa sababu alitengeneza kinyago cha Ashera, mungu wa kike, akakikata akakichoma kijito cha Kidroni. Hiyo ni kufukuzwa kazi mkuu, na barua ya kufukuzwa ikachomwa moto hadharani.

#16 Wakili wa Kijiweni
Halafu Maaka ana utata mwingine, 15:2 anatajwa ni mama yake Abiya na 15:10 ni mama yake Asa, na Asa ni mtoto wa Abiya. Kwahiyo ni mama au bibi?

#17 Nyuki wa Tabora
Bibi. Kiebrania mama ni mama hata akiwa bibi. Abiya alitawala miaka mitatu tu akafa, inaonekana bibi akaendelea kukalia kiti mpaka mjukuu alipokua na akili zake. Ndio maana nasema kilikuwa cheo, mwanao akifa hukitoki.

#18 Kibuyu Kimepasuka
Au Asa na Abiya walikuwa ndugu na mwandishi kachanganya faili. Ukienda 2 Nyakati 13:2 mama yake Abiya kageuka anaitwa Mikaya binti Urieli wa Gibea. Makarani wa zamani nao ni watu.

#19 Mjukuu wa Ssese
Nawasalimia kutoka Kampala. Huku Buganda mnaloongelea si historia ya zamani. Mama wa Kabaka anaitwa Namasole, ana jumba lake mbali na la mwanae na watu wake. Na akifa anateuliwa mwingine wa ukoo ule ule kushika nafasi, kwahiyo unaweza kuwa "mama wa mfalme" bila kumzaa. Ndio maana hiyo ya Maaka kuitwa mama kwa wafalme wawili hainisumbui hata kidogo.

#20 Kisiki cha Mpingo
#19 aisee hii nimeipenda. Kwahiyo mama ni ofisi

#21 Inyambo
Na Rwanda je? Umugabekazi, yaani mama mfalme. Enzi za ufalme mwami (mfalme) alikuwa anatawala na mama yake, na kama mama kafa alikuwa anapewa mama wa kulea. Rutarindwa alipewa Kanjogera awe mama yake wa kiti, wakati Kanjogera ana mtoto wake wa kumzaa, Musinga. Matokeo yake 1896 pale Rucunshu yeye na kaka yake Kabare wakampindua Rutarindwa, akafia humo, Musinga akawa mwami. Sasa ukisoma Bath-sheba na hiyo kichwani huwezi kuamini kwamba mama alitumwa tu na Adonia kama mtoto anatumwa chumvi dukani.

#22 Ngosha Mpole
Eswatini mpaka leo mfalme na mama yake, Ndlovukati

#23 Mzee wa Maktaba
Tuwe makini na hii mifano. Inatusaidia kuuliza swali, haithibitishi cha Yerusalemu. Kama ni majirani wa karibu zaidi nendeni kwa Wahiti, malkia wao aliitwa tawananna, mumewe akifa anabaki na cheo wakati wa mfalme mpya, na mfalme Mursili wa 2 aliwahi kumshitaki mama yake wa kambo akamvua. Ni Maaka kabisa huyo. Na Ashuru kulikuwa na Nakia, mama yake Esar-hadoni, mwanae alipokufa 669 KK huyu mama ndiye aliyewaapisha wakuu wa nchi wawe watiifu kwa mjukuu wake Ashurbanipali.

#24 Chai ya Tangawizi
Subirini... Uria si alikuwa Mhiti?? Kumbe Bath-sheba alijifunza kwa shemeji zake!!

#25 Mzee wa Maktaba
#24 Hapana. Dola la Wahiti lilianguka kama 1200 KK, miaka mia mbili kabla ya Daudi. Uria alikuwa mwanajeshi wa Yerusalemu, hakuwa na kumbukumbu za ikulu ya Hatusa, mji mkuu wa Wahiti, mfukoni.

#26 Chai ya Tangawizi
Basi nimetulia 🙏

#27 Ahithofeli Juniya
Jina langu linajieleza. Hakuna aliyegusa ukoo wa Bath-sheba nashangaa. 2 Samueli 11:3 baba yake ni Eliamu. 23:34 kuna Eliamu mwana wa Ahithofeli Mgiloni kwenye orodha ya mashujaa wa Daudi. Kama ni Eliamu mmoja basi babu yake ni Ahithofeli, mshauri wa Daudi aliyehamia kwa Absalomu, mwana wa Daudi aliyeasi, na yeye ndiye aliyemshauri Absalomu aingie kwa masuria wa baba yake juu ya dari mbele ya Israeli wote. Umeona? Maana ya kuchukua mwanamke wa mfalme ilitungwa na babu! Halafu mje mniambie mjukuu hakuelewa Abishagi ana maana gani.

#28 Wakili wa Kijiweni
Duh. Hapa umepiga penyewe

#29 Kibuyu Kimepasuka
"Kama ni Eliamu mmoja". Hiyo "kama" imebeba nyumba nzima mkuu.

#30 Ahithofeli Juniya
Nyumba ngapi mjini zimesimama kwa "kama" na watu wanalipa kodi

#31 MamaWawili
Ngojeni niwape kisa cha kwetu kisha mrudi kwenye Wahiti wenu. Babu yangu mzaa baba alikuwa na wake watatu. Alipofariki, siku ya arobaini wazee wakakaa kugawa shamba la kahawa na ile nyumba ya bati. Wanaume wamejaa kwenye mikeka, wanaongea saa mbili, mara sheria, mara mila, mara mkubwa mara mdogo. Bibi yangu, mke wa pili, alikuwa kakaa kwenye kigoda pembeni ya mlango wa jiko anapepeta mchele. Hakusema kitu. Mwisho mwenyekiti akasema basi shamba la juu liende kwa mtoto wa mke mkubwa, na bibi akaacha kupepeta. Akaacha tu. Ungo ukatulia mapajani. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ule ukimya, wanaume wote waligeuka wakamwangalia. Mwenyekiti akakohoa, akasema labda tuangalie tena. Shamba la juu leo analo baba yangu, na baba yangu mkubwa mpaka anakufa hakukanyaga kwetu.

Sasa muulize mtu bibi yangu alikuwa na cheo gani kwenye kile kikao. Hakuna. Haijaandikwa popote.

#32 Mjukuu wa Ssese
#31 🙌 ungo ukatulia

#33 Inyambo
Mama, hiki kisa kinashinda nusu ya tulichoandika

#34 Kisiki cha Mpingo
Dada kisa kitamu ila si umenisaidia mimi? Bibi alijua anachofanya!

#35 MamaWawili
Bibi alijua anachopigania. Wewe unasema Bath-sheba alitaka mtu afe. Kuna umbali hapo.

#36 Brayo wa Githurai
Niaje wasee. Mimi huwa nashangaa mbona wafalme wa Yuda mama zao wanatajwa, "na jina la mamaye lilikuwa fulani", lakini wale wa Israeli kaskazini hapana. Kuna anayejua?

#37 Nyuki wa Tabora
Swali zuri. Yuda baada ya ufalme kugawanyika karibu wote wanatajwa mama, wanakosa Yehoramu na Ahazi tu kwenye Wafalme. Kaskazini ni Yeroboamu anayetajwa mama yake, Serua, mjane. Sababu nionavyo, Yuda ni ukoo mmoja wa Daudi tangu mwanzo mpaka mwisho, wake wengi, watoto wengi, kwahiyo kinachotofautisha mwana na mwana ni mama. Kaskazini wanapinduana, leo Baasha kesho Zimri siku saba tu, mama atakaa kiti gani?

#38 Ngosha Mpole
Zimri siku 7, hata kiti hakijapata joto

#39 Wakili wa Kijiweni
Au ni mama na mji wake. Angalia wanavyotajwa: Sibia wa Beer-sheba, Hamutali wa Libna. Mfalme anaoa miji ya mikoani, mama ni kama mbunge wa jimbo lake ndani ya ikulu. Huyo Hamutali ndiye mtamu, binti Yeremia. Kumbe nabii Yeremia alikuwa na mjukuu mfalme na bado akatupwa shimoni!

#40 Mzee wa Maktaba
#39 Wakili umeanza vizuri ukamalizia vibaya. Huyo ni Yeremia wa Libna. Nabii ni wa Anathothi na aliambiwa na Mungu asioe kabisa, Yeremia 16:2.

#41 Wakili wa Kijiweni
Nimeteleza, naomba radhi kwa ukoo wote

#42 Mzee wa Maktaba
Ila hoja ya miji ina nguvu. Mfalme Yosia wa Yuda alipouawa Megido 609 KK, watu wa nchi walimuweka Yehoahazi mwenye miaka 23 wakamruka kaka yake wa miaka 25 wa mama mwingine. Yehoahazi ni wa Hamutali. Farao akamuondoa baada ya miezi mitatu akamuweka yule mkubwa, Yehoyakimu. Baadaye Babeli wakamuweka Sedekia, naye wa Hamutali. Mama mmoja, wafalme wawili. Wako wanaosema yule simba jike wa Ezekieli 19 anayelea watoto wake mmoja baada ya mwingine wanakamatwa ndiye yeye.

#43 Kibuyu Kimepasuka
Na wako wanaosema simba jike ni Yuda yenyewe. Tuendelee.

#44 Brayo wa Githurai
Na Atalia mnamwacha aje? Huyo mtoto wa Yezebeli ndiye alienda mbali kabisa, aliua wajukuu wake akakalia kiti mwenyewe miaka sita

#45 Nyuki wa Tabora
Marekebisho kidogo, hakuna mstari unaosema ni mtoto wa Yezebeli. 2 Wafalme 8:18 binti Ahabu, 8:26 binti Omri. Sisi tumejazia mama kwa sababu anafanana tabia.

#46 Brayo wa Githurai
Sawa lakini aliua

#47 Nyuki wa Tabora
Aliua. Ila swali la Kisiki linarudi hapa hapa, kwa nini? Yehu, aliyepindua nyumba ya Ahabu kaskazini, alishamuua mwanae Ahazia mfalme wa Yuda, na wale ndugu za Ahazia 42 waliokuwa wanaenda kuwasalimia wana wa mfalme na wana wa gebira kaskazini, wote wakachinjwa. Nyumba ya kwao imekwisha, ya mwanae inakwisha. Mjukuu yeyote akitawala, kiti kinakwenda kwa mama yake huyo mjukuu. Sibia, mama yake mjukuu Yoashi, angekuwa mama mfalme, Atalia angekuwa bibi kizee wa kigeni.

#48 Ahithofeli Juniya
#47 umejipinga mkuu! #17 ulisema Maaka alibaki na kiti mwanae alipokufa. Sasa Atalia naye angebaki, asingeua mtu. Chagua moja.

#49 Nyuki wa Tabora
🤔

#50 Nyuki wa Tabora
Maaka alikuwa na watu nyuma yake Yerusalemu. Atalia alikuwa na nyumba ya Ahabu kule Samaria, na nyumba hiyo ilishafutwa. Ndio jibu langu kwa leo.

#51 MamaWawili
Na mwanamke mwingine ndiye aliyemuangusha. Yehosheba dada yake Ahazia alimuiba kachanga Yoashi akamficha na yaya wake kwenye chumba cha vitanda. Miaka sita humo hekaluni, hakuna aliyemsikia akilia? Hapo kuna wanawake wengi walinyamaza kwa makusudi.

#52 Mtoto wa Katekista
Turudi kwa Maaka na Ashera. Kuna maandishi yalifukuliwa miaka ya 1970 Kuntillet Ajrud jangwani Sinai, yanabariki watu kwa BWANA wa Samaria "na Ashera wake". Nimesoma hoja kwamba mama mfalme alikuwa na kazi ya ibada ya Ashera kikawaida, yaani ndiyo iliyokuwa ofisi yake, Asa akabadilisha sheria.

#53 Mzee wa Maktaba
Hoja ipo ila inasimama kwa Maaka mmoja. Nehushta hatuna chochote kinachomgusa na Ashera, Bath-sheba pia hapana.

#54 Chai ya Tangawizi
Nehushta ndio nani jamani nipo nyuma

#55 Mzee wa Maktaba
Mama yake Yehoyakini, ndiye Yekonia. Mtoto alitawala miezi mitatu, 597 KK Nebukadneza yuko mlangoni, na andiko linasema alimtokea mfalme wa Babeli yeye na mama yake, watumishi, wakuu na maakida. Mama wa pili kwenye orodha. Na kabla ya hapo Yeremia 13:18 alishawaambia wote wawili mfalme na gebira shukeni mkae chini, taji zenu zimeanguka. Taji zenu, siyo taji yako.

#56 Kibuyu Kimepasuka
Mtoto wa miaka minane lazima aende na mama jamani

#57 Wakili wa Kijiweni
2 Wafalme 24:8 miaka 18. Minane ni 2 Nyakati 36:9.

#58 Kibuyu Kimepasuka
Makarani tena!!

#59 Mzee wa Maktaba
Hapa karani wa Wafalme ana nguvu zaidi. Kuna vibao vya udongo vya Babeli vya mgao wa mafuta, kimoja ni cha 592 KK, vinamtaja Yehoyakini mfalme wa Yuda na wanawe watano. Angekuwa na minane 597 angekuwa na miaka 13 na watoto watano.

#60 Ngosha Mpole
Mjini wapo

#61 Ahithofeli Juniya
Jamani Anathothi. Sulemani akimalizana na Adonia alimfukuza kuhani Abiathari, aliyemuunga mkono Adonia, akamwambia nenda Anathothi kwenye mashamba yako. Na Yeremia anayekuja kuwaambia mfalme na mama yake shukeni ni wa makuhani wa Anathothi. Miaka zaidi ya mia tatu kijiji kinatunza kinyongo 😅

#62 Mzee wa Maktaba
Ahithofeli, hiyo nayo ina "kama" ndani yake. Ila nitaifikiria.

#63 Kisiki cha Mpingo
Nashukuruni wote, nimejifunza. Ila bado sijatoka pale sebuleni. Nimesoma tena sura ya 1 usiku huu, mstari wa 15: Bath-sheba anaingia chumbani kwa Daudi kuombea kiti cha mwanae, na Abishagi yumo humo anamhudumia mzee. Anamuinamia mfalme mbele ya yule binti. Sura moja baadaye mfalme ndiye anainuka na kumuinamia yeye, tafsiri ya zamani ya Kigiriki inasema alimbusu. Na jina la kwanza linalotoka mdomoni akishakaa kwenye kile kiti kipya ni Abishagi.

#64 MamaWawili
Sasa unaanza kusoma. Lakini yule binti alisikia kila kitu siku ile, mpango wa kiapo cha Daudi na yote. Na hicho kiapo chenyewe hakuna anapokiapa kwenye 2 Samueli, tunakisikia kwanza kwa nabii Nathani akimfundisha Bath-sheba cha kusema, ndipo Daudi naye anakikubali.

#65 Kisiki cha Mpingo
Ina maana Abishagi ndiye alikuwa shahidi??

#66 MamaWawili
Mimi sijasema. Naenda kuinjika maharage.

#67 Chai ya Tangawizi
Dada #64 huwezi kutupa bomu hilo ukaenda jikoni, rudi hapa